Jua Halihami na Mtu: Vitamini D na Kisukari cha Mimba huko Minneapolis

Vitamini D hutengenezwa na mwili wenyewe, mradi ngozi ipigwe na jua. Mionzi ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi wa nanomita 290 hadi 315 hupenya ngozi na kuigeuza aina fulani ya mafuta iliyomo humo, kisha joto la mwili hukamilisha kazi. Vitamini inayopatikana husafiri na damu hadi kwenye ini, ambalo huibadilisha kuwa umbo linalokaa mwilini kwa wiki kadhaa. Umbo hilo ndilo linalopimwa maabara. Mwisho wa safari ni kwenye figo, ambazo huigeuza kuwa homoni inayouwezesha utumbo kufyonza kalsiamu. Jua likikosekana, safari yote hukatika pale mwanzoni, isipokuwa vitamini iletwe na chakula au dawa.

Kwa mjamzito, safari hiyo hubeba watu wawili. Hadi siku ya kuzaliwa, mtoto huwa amejikusanyia takriban gramu 30 za kalsiamu, nyingi kati ya hizo katika miezi mitatu ya mwisho. Vitamini D yake yote hutoka kwa mama kupitia kondo la nyuma, na kiwango kinachopatikana katika damu ya kitovu kwa kawaida huwa chini ya kile cha mama. Mama mwenye akiba ndogo huzaa mtoto mwenye akiba ndogo zaidi.

Kisukari nacho huja katika mimba kwa njia tatu. Wako wanawake wanaoshika mimba wakiwa tayari na kisukari cha aina ya kwanza, wako wenye aina ya pili, na wako wanaokipata katika mimba yenyewe. Hiki cha mwisho, kisukari cha mimba, hutokana na homoni za kondo la nyuma zinazoufanya mwili uwe mgumu kuitikia insulini. Kongosho likishindwa kuongeza insulini ya kutosha kuushinda ugumu huo, sukari hupanda. Marekani, kipimo hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28: mjamzito hunywa kinywaji chenye gramu 50 za glukosi na kutolewa damu baada ya saa moja; sukari ikizidi kiasi, huitwa tena kunywa gramu 100 na kupimwa kwa saa tatu.

Mambo haya mawili, upungufu wa vitamini D na sukari kupanda, hukutana mara nyingi katika mwili mmoja, na ni rahisi kudhani kuwa ni ugonjwa mmoja. Dhana hiyo imewagharimu baadhi ya wanawake. Miongoni mwao ni mama mmoja wa Likoni, Mombasa, aliyebeba mimba yake ya kwanza nyumbani na ya pili Minneapolis. Kumbukumbu zake ndizo zinazofuatwa hapa, kwa kuwa zinaonyesha mpaka ulipo kati ya mambo hayo mawili.

Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Minneapolis na pacha wake Saint Paul ziko kwenye nyuzi 45 kaskazini, katikati kabisa ya ikweta na ncha ya dunia. Majira ya baridi, jua la huko hupita chini angani, na mionzi yake hulazimika kukata tabaka nene la hewa na ozoni kwa mshazari. Kuanzia Novemba hadi Februari, ile mionzi ya kutengeneza vitamini D karibu haifiki ardhini, hata siku ambayo anga ni samawati na theluji inameremeta. Mwishoni mwa Desemba mchana hudumu chini ya saa 9. Januari, wastani wa joto ni karibu nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri, na mtu hatoki nje bila kujifunika kuanzia utosini hadi kwenye vidole.

Ngozi nyeusi huongeza hesabu. Melanini, rangi inayoilinda ngozi na ukali wa jua la ikweta, hufyonza mionzi ile ile inayohitajika, hivyo mweusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko mweupe ili apate kiasi kile kile cha vitamini. Pwani ya Afrika Mashariki muda huo ni tele. Mwambao wa ziwa Bde Maka Ska la Minneapolis mwezi wa Februari, muda huo haupo.

Mavazi nayo husemwa sana, lakini mama wa Likoni hakubadili mavazi. Alijifunika kwa buibui Mombasa na vivyo hivyo kwa hijabu Minneapolis. Kilichobadilika ni nyumba. Nyumba ya Kiswahili aliyokulia ina ua nyuma, ulioezekwa na mbingu tu. Humo alifua, akapepeta mchele, akakuna nazi na kusukwa nywele, kichwa wazi na mikono wazi hadi mabegani, jua la saa nne likimwangukia. Hakuna aliyeuita ua huo dawa. Minneapolis alipanga katika moja ya majengo marefu ya Riverside Plaza, mtaa wa Cedar-Riverside, yaliyochorwa na Ralph Rapson na kufunguliwa mwaka 1973. Ghorofani hakuna ua.

Kazi yake ilikuwa kusafisha ofisi katikati ya jiji. Mji huo una vichochoro vya angani, madaraja yaliyofunikwa kwa vioo yanayounganisha jengo na jengo juu ya barabara. La kwanza lilijengwa mwaka 1962, na leo mtandao wake una urefu wa karibu kilomita 15. Mtu anaweza kutembea humo majira yote ya baridi bila koti. Mama huyo aliona jua kila siku kupitia vioo hivyo na akaamini linamfaa. Kioo, hata hivyo, hupitisha mwanga na kuzuia mionzi inayotengeneza vitamini D. Alikuwa na nuru usoni, na damuni hakuwa na kitu.

Mimba ya pili ilianza Septemba. Kufikia Januari miguu ilikuwa mizito, nyonga zikimuuma anapopanda ngazi na anapoinuka kutoka kwenye mswala. Kliniki ya kwanza aliyokwenda ilimwambia ni uchovu wa mimba, akapewa dawa ya kutuliza maumivu. Hakuna aliyemuuliza anaishi vipi wala anatoka nje mara ngapi. Machi, katika wiki ya 26, alikuwa amehamia kliniki nyingine. Huko alipimwa sukari ikakutwa juu, na mkunga aliyesikiliza habari ya nyonga zake akaomba chupa moja zaidi ya damu. Jibu la vitamini D lilikuwa nanogramu 9 kwa mililita.

Machi ndio mwezi ambao akiba za watu wengi wa kaskazini huwa zimefika chini kabisa, baada ya miezi minne bila mionzi. Kwa hiyo kipimo chake kilikuwa cha kawaida kuliko alivyodhani. Minneapolis yenyewe ina ushahidi wa zamani kuwa vipimo vya chini kama hicho si haba. Kati ya Februari 2000 na Juni 2002, Gregory Plotnikoff na Joanna Quigley waliwapima wagonjwa 150 waliofika kwenye kliniki ya jamii ya Chuo Kikuu cha Minnesota wakilalamikia maumivu ya misuli na mifupa yasiyojulikana chanzo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003 katika jarida la Mayo Clinic Proceedings. Asilimia 93 walikuwa na upungufu wa vitamini D, na wastani wao ulikuwa nanogramu 12. Wagonjwa wote kutoka Afrika Mashariki, bila kubaki hata mmoja, walikuwa na upungufu. Utafiti huo haukuwa wa wajawazito wala wa kisukari, lakini ulidokeza kuwa maumivu ambayo daktari huyaita uchovu yanaweza kuwa sauti ya mifupa yenye njaa.

Kwa upande wa pili wa mizani kuna Tanzania. Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya Wamasai na Wahadzabe wanaoishi maisha ya jadi, wakishinda nje. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, sawa na nanogramu 46 kwa mililita. Ngozi ni ile ile nyeusi. Tofauti ni jua. Hata hivyo kuishi nchi yenye jua hakutoshi peke yake. Omani na nchi nyingine za Ghuba zina jua kali mwaka mzima, na bado upungufu ni mwingi kwa wanawake wanaoshinda ndani ya nyumba zenye kiyoyozi. Jua halihami na mtu, na hata likiwa mlangoni, halimfikii asiyetoka.

Namba hizo huhitaji maelezo, kwa sababu nchi mbalimbali hutumia vipimo tofauti. Nanogramu 1 kwa mililita ni sawa na nanomoli 2.5 kwa lita. Mwaka 2011 Taasisi ya Tiba ya Marekani iliweka nanogramu 20 kuwa kiwango kinachowatosha karibu watu wote, na chini ya 12 kuwa hatari ya upungufu. Mwaka huo huo Chama cha Endokrinolojia kilitaka kiwango kifike 30. Mwaka 2024 chama hicho kiliacha kulipigania lengo hilo, kikapendekeza wajawazito wapewe vitamini D bila kulazimika kupimwa wote. Shirika la Afya Duniani kwa upande wake halipendekezi vidonge hivyo kwa kila mjamzito, ila kwa wenye upungufu. Wataalamu hawajakubaliana juu ya mstari upitie wapi. Nanogramu 9, hata hivyo, ziko chini ya mistari yote iliyotajwa hapa.

Je, upungufu huo ndio ulioleta sukari? Swali hili limeulizwa kwa muda mrefu. Mwaka 1980 jaribio la panya lilionyesha kuwa kongosho lisilopata vitamini D hutoa insulini kidogo. Baadaye tafiti nyingi za wajawazito, mmojawapo wa mwaka 2008 katika jimbo la Washington, zilikuta kwamba wenye vitamini D kidogo hupata kisukari cha mimba zaidi. Lakini mambo mawili kwenda pamoja si ushahidi kuwa moja limezaa lingine. Vitamini D huhifadhiwa kwenye mafuta ya mwili, kwa hiyo mtu mnene huwa na kiasi kidogo damuni. Na unene wenyewe huongeza hatari ya kisukari. Asiyetoka nje hakosi jua tu, hukosa pia kutembea.

Njia ya kukata shauri ni kuwapa wanawake wengine vidonge na wengine vidonge vitupu, kisha kulinganisha. Mwaka 2019 mapitio ya Cochrane, yanayokusanya majaribio ya namna hiyo, yalisema kuwa vitamini D huenda inapunguza hatari ya kisukari cha mimba. Mwaka 2024 mapitio hayo yalirudiwa kwa kuchuja upya uaminifu wa kila jaribio. Majaribio mengi yaliondolewa, na yaliyobaki hayakutosha kusema lolote kwa uhakika kuhusu kisukari. Huo ndio ukweli ulivyo leo: kuna uhusiano, na hakuna uthibitisho kuwa kidonge cha vitamini D huzuia au hutibu kisukari cha mimba.

Mama wa Likoni hakulijua hilo. Alipewa vitu viwili siku moja: vidonge vya vitamini D, na mashine ndogo ya kupima sukari kwa tone la damu la kidoleni. Shoga yake mmoja alimwambia kuwa vitamini ya jua hushusha sukari. Akameza vidonge kwa bidii na kuiacha mashine kwenye boksi lake kwa siku kumi. Aliporudi kliniki, sukari yake kabla ya kula ilikuwa miligramu 110 kwa desilita, ilhali ilipaswa kuwa chini ya 95. Mkunga hakumkaripia. Alimpigia mkalimani wa Kiswahili kwenye simu, na sauti ya mama mtu mzima ikasema polepole: “Mwanangu, hiki kidonge ni cha mifupa yako na ya mtoto. Sukari ina dawa yake. Usimtume mmoja kazi ya mwenzake.”

Kuanzia siku hiyo kila jambo lilipewa njia yake. Kwa sukari, alipima mara nne kwa siku: kabla ya kifungua kinywa, na baada ya kila mlo, akilenga chini ya 140 saa moja baadaye au chini ya 120 baada ya saa mbili. Dada yake, muuguzi Mombasa, alichanganyikiwa na tarakimu hizo hadi alipoambiwa azigawanye kwa 18 ili apate milimoli alizozizoea: 95 ikawa 5.3. Sinia la wali liligeuka kuwa sahani, nusu yake sukuma wiki, robo nyama au maharagwe, robo wali au chapati. Chai ya maziwa ilibaki, sukari ikatoka. Baada ya kula alitembea dakika 15 katika vile vichochoro vya vioo. Humo hakupata vitamini, lakini misuli inayotembea huichukua sukari kutoka kwenye damu, kuwe na jua au kusiwe. Sukari ya asubuhi ilipoendelea kuwa juu, alianza sindano ya insulini kila usiku. Alihofia kuwa itamfikia mtoto. Insulini haivuki kondo la nyuma kwa kiasi cha kumdhuru.

Kwa vitamini D njia ilikuwa nyingine. Mjamzito anapendekezewa yuniti 600 kwa siku, na vidonge vya kawaida vya wajawazito mara nyingi vina yuniti 400 tu. Mwenye upungufu huhitaji zaidi. Madaktari wa uzazi wa Marekani walitamka mwaka 2011 kuwa yuniti 1,000 hadi 2,000 kwa siku ni salama katika mimba, na kikomo cha bila usimamizi wa daktari ni 4,000. Kuzidisha kiholela kuna madhara, kwa kuwa kalsiamu hupanda damuni na kuumiza figo. Mama huyo alipewa 2,000.

Kikwazo kilitokea pasipotarajiwa. Baadaye aligundua kuwa kidonge chake kimefunikwa kwa jelatini, naye hakujua ni ya mnyama gani, akawa anaona vibaya kukimeza. Baadhi ya wanawake Waislamu huacha dawa kimya kimya kwa sababu hiyo, na daktari hubaki akishangaa kwa nini kipimo hakipandi. Yeye alisema. Akabadilishiwa matone yaliyochanganywa na mafuta ya mimea, na tatizo likaisha kwa dakika mbili. Swali ambalo mgonjwa huona aibu kuliuliza mara nyingi ndilo lenye jibu fupi kuliko yote.

Chakula kilisaidia kidogo. Vitamini D imo katika samaki wenye mafuta kama samoni na sadini, na kiasi kidogo katika kiini cha yai. Marekani huongezwa pia katika maziwa. Chanzo cha desturi hiyo kiko jirani: mwaka 1924 Harry Steenbock wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alichapisha ugunduzi kuwa chakula kikimulikwa kwa mionzi ya urujuanimno hupata nguvu ya kuzuia matege, ugonjwa wa mifupa laini uliowapinda miguu watoto wa miji ya kaskazini. Kikombe cha maziwa ya dukani leo huwa na yuniti 100 hadi 120. Mtu angehitaji vikombe vitano au sita kutwa kufikisha 600, na maziwa yana sukari yake ya asili, inayohesabika kwa mwenye kisukari. Kwa hiyo maziwa husaidia, ila hayamfikishi mwenye upungufu anakotakiwa kufika.

Mwezi wa Mei kipimo cha vitamini D kilirudiwa: nanogramu 27. Nyonga zilikuwa zimeacha kuuma. Kipimo cha sukari, kilichotegemea chakula, kutembea na insulini, kilikuwa kimetulia wiki kadhaa kabla ya hapo.

Mahali ambapo mambo haya mawili hukutana kweli ni kwa mtoto. Mtoto wa mama mwenye kisukari huwa katika hatari ya kushuka sukari saa za kwanza baada ya kuzaliwa, na pia kushuka kalsiamu. Kalsiamu ikishuka sana, mtoto huweza kutetemeka au hata kupata degedege. Mama akiwa na upungufu wa vitamini D, hatari hiyo ya pili hupata pa kushikia. Hapo ndipo penye sababu nzito ya kuujaza upungufu wakati wa mimba. Mtoto wa mama wa Likoni alizaliwa Juni, akachomwa kisigino na kupimwa sukari mara kadhaa, akanyonya ndani ya saa ya kwanza, na hakupata shida.

Bibi yake alipiga simu kutoka Mombasa akitaka kitoto kianikwe jua la asubuhi, kama walivyofanyiwa wote katika ukoo. Nia ni njema, lakini jua la asubuhi sana lina mionzi hiyo kidogo, na madaktari wa watoto wa Marekani hushauri mtoto wa chini ya miezi sita asiwekwe kwenye jua la moja kwa moja. Maziwa ya mama ni chakula bora, ila huwa na vitamini D kidogo. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2008 madaktari hao hupendekeza mtoto anayenyonya apewe matone ya yuniti 400 kila siku kuanzia siku zake za mwanzo.

Kwa kisukari, kazi haikuishia kwenye uzazi. Sukari ya mimba kwa kawaida hushuka kondo la nyuma likitoka, lakini aliyewahi kuipata ana hatari kubwa mara kadhaa ya kupata kisukari cha aina ya pili baadaye maishani. Hupaswa kupimwa tena kati ya wiki ya 4 na ya 12 baada ya kujifungua, kisha kila mwaka mmoja hadi mitatu. Wengi hawarudi, kwa kuwa mtoto ameshika mikono yote miwili. Mama huyo alirudi katika wiki ya nane, mtoto mgongoni, na sukari ilikuwa ya kawaida.

Mwanamke wa Afrika Mashariki anayebeba mimba Minneapolis, Saint Paul, au mji wowote wa baridi, na aulize mapema hali yake ya vitamini D, aseme wazi maumivu ya nyonga na miguu, na atumie dozi aliyoandikiwa. Akiambiwa ana kisukari, aishike mashine ya sukari kwa mkono mmoja na vitamini kwa mkono mwingine, asiache hata kimoja kwa kutegemea kingine. Na daktari anayemhudumia na amuulize jambo moja ambalo maabara haiwezi kumwambia: lini mara ya mwisho jua lilimpiga kwenye ngozi, bila kioo kati yao.